Jinsi ya Kuizuia Nyumba ya Shieywe Isihamie Kongo

Chora nyumba ya vyumba vitatu kwenye kompyuta. Iache kona ya sebule palepale programu ilipokufungulia, kwenye sifuri kwa sifuri, kisha mtumie mpima ardhi faili hilo bila neno la maelezo. Akilifungua juu ya ramani yake ya Kakamega, ataikuta nyumba yako Kongo, ndani ya misitu iliyo magharibi ya Butembo, takriban kilomita 695 kutoka kwenye kiwanja cha mteja. Kama mpima ardhi huyo anatumia hesabu za kusini mwa Ikweta, mambo ni mabaya zaidi. Nyumba itakuwa karibu na Ncha ya Kusini, ambako maji ya kukorogea saruji yangeganda ndooni.

Mteja alinunua ploti Shieywe, hapa Kakamega. Anataka kulala Shieywe, asikie shangwe za uwanja wa Bukhungu siku ya mechi, na asubuhi atembee kwenda kazini mjini. Mwongozo huu ni wa kumrudishia nyumba yake. Umeandikwa kwa ajili ya kila anayeshika kipanya kuchora majengo katika mji huu: msanifu, mhandisi, mwanafunzi, na yule kijana anayechorea watu ramani nyuma ya duka la fotokopi.

Ijue kwanza sifuri ilipo

Sifuri ya ramani haiko kwenye kona ya kiwanja wala katikati ya mji. Mfumo wa UTM umeikata dunia kanda 60, kila kanda digrii 6. Kakamega imeangukia kanda ya 36, kati ya digrii 30 na 36 mashariki. Mstari wa katikati wa kanda hiyo ni digrii 33, ambao kwenye Ikweta unapita majini, ndani ya Ziwa Viktoria upande wa Jinja. Ili mtu asilazimike kuandika namba hasi, mstari huo ulipewa mita 500,000. Kwa sababu hiyo sifuri yenyewe ilisukumwa kilomita 500 magharibi, ikaishia msituni Kongo. Shieywe iko kama kilomita 195 mashariki ya mstari wa katikati, kwa hiyo namba yake ya mashariki ni 694,700 hivi.

Namba ya kaskazini ni 31,300 hivi. Hizo ni mita kutoka Ikweta, mstari uleule unaopita Maseno, na ugomvi huanzia hapo. Kwa kazi za kusini, Ikweta hupewa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Anayepima barabara inayovuka Ikweta, kama ile ya Kisumu kuja Kakamega, anaweza kuendelea na hesabu za kusini mpaka mwisho ili ramani yake isikatike njiani. Kwake yeye Shieywe ni 10,031,300. Mwenzake anayetumia kanda ya 36 Kaskazini ataandika 31,300. Wote wawili wako sahihi na kiwanja ni kilekile. Ukiunganisha mafaili yao bila kuuliza, nyumba itabaki Shieywe na choo kitakuwa umbali wa kilomita 10,000.

Kuna pia wanaochukua faili la mradi wa Nairobi, wakafuta kuta, wakachora za Kakamega humohumo. Nairobi iko kanda ya 37 Kusini. Kufuta kuta hakufuti kanda. Kanda inabaki ndani ya faili, na nyumba ya Shieywe inaondoka ofisini na anwani ya mji mwingine. Fungua faili jipya. Kazi yake ni ndogo kuliko kutafuta kosa hili miezi mitatu baadaye, nondo zikiwa zimeshakatwa.

Kuta zinazotetemeka

Mtu akishaonywa kuhusu Kongo, hukimbilia upande wa pili. Anachora nyumba moja kwa moja kwenye 694,700 kwa 10,031,300 ili awe mkweli kabisa. Nia yake ni njema, ila kuta zake zitatetemeka.

Mtazame akifanya kazi. Duara la tangi la maji limeota pembe. Mistari ya kujazia ukuta wa matofali imekatikakatika, mingine imetoka nje ya ukuta. Anapeleka kipanya kwenye kona ya dirisha, kipanya kinashika hewa. Akisogeza picha kidogo, ukuta unaruka kando, akiachilia unarudi. Analaumu kompyuta, analaumu stima, anamlaumu aliyemwekea programu. Kompyuta ni nzima. Programu nyingi huhifadhi namba kwa tarakimu 15 au 16, na hapo hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye kadi ya picha inayochora skrini, ambayo mara nyingi hutumia namba fupi za biti 32, zile zilizowekwa kwenye kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985. Namba hizo zina tarakimu 7 hivi za kuaminika. Ukifika 694,700, hatua ndogo kabisa inayoweza kupigwa ni milimita 62.5. Ukifika 10,031,300, hatua ndogo kabisa ni mita moja nzima. Mlango wa bafu una upana wa sentimita 70 au 80, na kadi ya picha haina mahali pa kuuweka.

Kwa hiyo nyumba isikae kwenye sifuri ya dunia, na isichorwe mbali na sifuri ya programu. Inatakiwa ichorwe karibu na sifuri, huku kukiwa na hesabu iliyoandikwa wazi ya kuirudisha mahali pake duniani. Kuna watu wenye shahada na mihuri ambao hawajaambiwa hivyo hata siku moja, na wateja wao ndio wanaolipa.

Muulize mpima ardhi kabla ya kufungua programu

Mpigie simu. Usimtumie ujumbe wa neno moja, "koordineti?", ukakaa kungoja. Muulize msingi wa upimaji ni upi, kanda ni ya kaskazini au ya kusini, kipimo ni mita au futi, kimo kimeanzia wapi, na zaidi ya yote, ni bikoni zipi, zile alama za mpaka, zilizo imara ardhini ambazo ameziona kwa macho yake.

Swali la kwanza watu hulidharau, na ndilo lenye madhara makubwa. Simu yako ya mkononi inatumia msingi wa setilaiti uitwao WGS84. Ramani nyingi za Kenya zimejengwa juu ya msingi wa Arc 1960, uliotokana na kazi ndefu ya kupima meridiani ya 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Kazi hiyo ilipendekezwa na mwanaastronomia David Gill alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema, karne ya 19, na kiungo chake cha mwisho kilikamilika mwaka 1954. Misingi hii miwili haikutani. Hapa kwetu, nukta moja ileile ikisomwa kwa msingi mmoja na kisha kwa mwingine, namba zinapishana kwa mita 300 na zaidi, nyingi zikiwa za upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 ndani ya Shieywe zinatosha kukutoa kwenye ploti yako, kukuvusha barabara na kukuingiza kwenye boma la mtu usiyemjua. Ukisimama juu ya bikoni, ukasoma simu, ukaona namba hazilingani na za kwenye ramani, usimwite mpima ardhi mwizi. Umelinganisha vitu viwili tofauti.

Kuhusu futi, karatasi za zamani za viwanja nchini zilipimwa kwa mfumo wa Cassini, kwa futi. Mzee akikutolea ramani ya rangi ya chai kutoka kwenye sanduku, soma kipimo kilichoandikwa pembeni kabla ya kugusa kibodi.

Halafu kuna ile karatasi kubwa ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mashamba yote ya eneo, ambayo watu huipiga picha kwa simu, wakaiingiza kwenye programu na kuifuata kwa kipanya, kisha wakatangaza kwamba wamepata mpaka. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, inasema wazi kwamba pale ambapo mpaka haujawekwa rasmi na kuandikwa kwenye rejesta, ramani huonyesha mpaka wa kukadiria tu. Sehemu kubwa ya mashamba ya magharibi ya Kenya iko hivyo: mpaka ni ua, ni mti, ni mtaro ambao majirani wameuheshimu tangu baba zao. Ukichukua mstari wa kukadiria ukaufanya sifuri ya mradi, umekadiria kila kitu, hata kama programu inakuonyesha tarakimu nane baada ya nukta.

Kakamega inaujua uzito wa kigingi. Miaka ya 1930, dhahabu ilipogunduliwa, vigingi vya wageni vilisimikwa katikati ya mashamba ya watu, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikairekebisha sheria ya ardhi za wenyeji ya 1930 ili ardhi ichukuliwe kwa uchimbaji bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman, nje kidogo ya mji, ulifanya kazi mpaka mwanzo wa miaka ya 1950. Mwenye shamba anayekodoa macho kila ukipigilia kigingi ana historia nyuma yake. Mweleze unachofanya.

Shusha namba, kisha uandike ulivyozishusha

Tuseme bikoni imara iko kwenye mashariki 694,712.48 na kaskazini 31,305.16. Ushauri wangu ni kutoa namba ya mviringo: toa 694,000 upande wa mashariki na 31,000 upande wa kaskazini. Bikoni sasa iko 712.48 kwa 305.16. Namba ni ndogo, skrini imetulia, na mpima ardhi akiziona anazitambua papo hapo kwa sababu mikia haijabadilika. Wapo wanaopenda kuiweka bikoni yenyewe kwenye sifuri. Hawakosei, ila siku moja mtu atasoma sifuri hiyo akadhani ni kona ya nyumba, na fundi ataanza kuchimba kwenye mpaka.

Kwenye AutoCAD, kosa linalopendwa kuliko yote ni kutumia amri ya UCS na kudhani umeihamisha nyumba. UCS hubadilisha namna unavyosoma namba. Mistari yenyewe inabaki ilipokuwa, kule mbali, na mtetemo unabaki nao. Fanya hivi: faili la mpima ardhi lihifadhi lilivyo na usiliguse tena. Tengeneza nakala, isogeze nakala hiyo kwa namba ile ya mviringo uliyoichagua, na namba hiyo iandike kwenye jina la faili na ndani ya mchoro kwa maandishi makubwa. Kila mwenzako, wa umeme, wa maji, wa nondo, atumie nakala hiyohiyo. Asiyetaka, arudishiwe kazi yake.

Revit ina nukta tatu, na watu huziogopa kwa sababu zinaonekana mahali pamoja siku ya kwanza. Ya kwanza ni chanzo cha ndani. Hiki hakihamishiki kamwe, na programu inataka jengo lote likae ndani ya kilomita 16 kutoka hapo. Ukitoka Shieywe kuelekea kusini, kilomita 16 hazikufikishi hata Chavakali, na wewe ulitaka kuipeleka nyumba kilomita 695. Ya pili ni nukta ya msingi ya mradi. Iweke kwenye makutano ya mistari ya nguzo, A na 1, uiache hapo mpaka nyumba iezekwe. Ya tatu ni nukta ya upimaji, na hiyo ndiyo bikoni. Liunganishe faili la mpima ardhi likiwa limewekwa katikati kwa katikati, kisha lisogeze na kulizungusha faili hilo mpaka kiwanja kikae vizuri chini ya jengo. Jengo lisisogee. Halafu iamuru programu ichukue koordineti kutoka kwenye faili hilo. Kuanzia hapo modeli inajua iko Shieywe bila kuondoka karibu na sifuri, na kila modeli nyingine iunganishwe kwa koordineti hizo za pamoja. Ile alama ndogo ya klipu iliyo kando ya nukta ya upimaji usiibonyeze kwa kujaribu. Ikiwa imefungwa, kuivuta nukta ni jambo moja. Ikiwa imefunguliwa, ni jambo jingine kabisa. Wengi hugundua tofauti hiyo jioni kabla ya kuwasilisha michoro kaunti.

ArchiCAD inafuata mantiki hiyohiyo, kwa hiyo sitairudia. Mkibadilishana modeli kwa IFC, hakikisheni ni toleo la nne, lililotoka mwaka 2013, au la baadaye: humo mna mahali maalumu pa kuandika mashariki, kaskazini, kimo na mzunguko. Pajazwe. Mara nyingi huachwa wazi.

Na vipimo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni milimita 15,240 kwa 30,480. Programu ikizisoma namba hizo kama mita, ploti imeanzia Shieywe na inakaribia kufika Ikweta, upana wake kilomita 15, na mteja amekuwa mwenye ardhi mkubwa kuliko wote magharibi ya Kenya bila kulipa ada ya kuhamisha hati. Kabla ya kuunganisha faili lolote, pima kitu kimoja unachokijua. Mlango unatosha.

Safisha eneo la kazi

Hapa ndipo ninapowaona watu wakiteseka bure. Bonyeza amri ya kuonyesha mchoro wote. Skrini inabaki nyeupe. Ukikaza macho unaona vitone viwili, kimoja huku na kimoja kule, kama mbu wawili ukutani. Kimoja ni nyumba. Kingine ni kipande cha mstari wa sentimita tano ambacho mtu alikisahau kwenye sifuri ya Kongo, au herufi iliyodondoka wakati wa kunakili. Kwa sababu ya kipande hicho, programu inaamini mradi wako una urefu wa kilomita 695. Kila amri inakuwa nzito, kila chapisho linatoka karatasi tupu, na kijana wa kuchapisha anakutoza.

Kitafute, ukifute. Chagua vitu vyote kwenye safu zote, kisha iondoe nyumba kwenye uteuzi kwa kuizungushia dirisha la kuchagulia. Kilichobaki ndicho mgeni. Soma kilichobaki kabla ya kufuta, maana wakati mwingine ni mtaro wa maji ya mvua ambao mhandisi aliuweka kwa koordineti kamili wakati wewe ulishusha zako. Huyo si wa kufutwa, ni wa kurudishwa nyumbani kwa hesabu ileile.

Wanaochora vyuma kwa Tekla wana kisanduku cha eneo la kazi, kile cha mistari ya vipande kinachozunguka modeli. Kilicho nje ya kisanduku hakionekani kwenye skrini, lakini kipo. Nguzo iliyonakiliwa kimakosa ikaangukia nje bado ni nguzo, na orodha ya vyuma ikitolewa kwa modeli nzima itaihesabu. Mteja atainunua, itafika kwa lori, na hakuna atakayejua inasimamishwa wapi. Kabla ya kutoa orodha yoyote, kipanue kisanduku kikumbatie modeli nzima, uangalie, ndipo ukirudishe kilivyokuwa. Ukichora ghorofa moja, punguza eneo la kazi liwe ghorofa hiyo. Ukimaliza, panua tena.

Kaskazini na kimo

Shieywe ina bahati moja. Kwa kuwa iko jirani na Ikweta, kaskazini ya gridi na kaskazini ya kweli zinapishana kwa chini ya dakika moja ya digrii, kwa hiyo usipoteze muda hapo. Kinachohitaji uangalifu ni nyumba iliyokaa mshazari kwenye ploti. Zungusha mwonekano ili uchore kwa raha. Modeli yenyewe ibaki ikijua kaskazini ya kweli ni ipi. Jua la adhuhuri hapa hupita upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba. Ukidanganya kaskazini, programu itakuwekea kivuli upande usiohitaji, na chumba cha watoto kitachemka nusu mwaka.

Kimo nacho kina sifuri yake. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiichore sakafu kwenye 1,535. Ichore kwenye 0.00 na uandike 0.00 hiyo ni mita ngapi juu ya bahari kwa mujibu wa alama ya kimo ya mpima ardhi. Kimo kinachotoka moja kwa moja kwenye kifaa cha setilaiti, kabla ya kurekebishwa, hupishana na cha usawa wa bahari kwa mita kadhaa. Na mvua ya Kakamega ya alasiri haina huruma na sakafu iliyo chini ya barabara.

Peleka kwa fundi

Mazungumzo haya husikika kwenye viwanja vingi:

"Injinia, kona hii imeingia kwa ua wa jirani."

"Haiwezekani, fundi. Kwenye kompyuta iko ndani mita moja na nusu."

"Kompyuta umeiacha ofisini. Bikoni ndiyo iko hapa."

Fundi ana haki. Hawezi kufanya lolote na 694,712.48. Ana uzi, vigingi, msumari, timazi, pimamaji na tepu ya mita 30. Mpe anachoweza kupima: kwa kila kona ya nyumba, umbali kutoka bikoni ya kwanza, umbali kutoka bikoni ya pili, na ulalo wa nyumba nzima wa kuhakiki. Jedwali la mistari minne, kwa maandishi yanayosomeka juani. Msumari ukishapigwa juu ya kigingi, apime mwenyewe mbele yako, na tatu kwa nne kwa tano ithibitishe kona ya mraba.

Jambo moja zaidi kwa wenye miradi mikubwa. Kwa sababu ya kimo cha Kakamega na mahali pake ndani ya kanda, umbali wa ramani ni mfupi kuliko wa ardhini kwa milimita 17 hivi katika kila mita 100. Kwenye nyumba ya mita 12 hizo ni milimita mbili, ziache. Kwenye jengo la hospitali au karakana ya mita 200 ni milimita 34, na boliti za nguzo za chuma hazisamehi milimita 34. Hapo mwombe mpima ardhi akupe umbali wa ardhini.

Wanafunzi wa chuo kikuu cha MMUST na wa chuo cha Sigalagala, ninyi ndio mtakaochora mji huu miaka 30 ijayo. Katika ukurasa wa kwanza wa kila mchoro wekeni kisanduku kinachosema msingi wa upimaji, kanda, kipimo, jina la bikoni na namba zake kamili, namba mlizotoa, 0.00 ni mita ngapi juu ya bahari, na jina la mpima ardhi. Maafisa wa kaunti wanaopitisha michoro, mkatae mchoro usio na kisanduku hicho. Na wewe unayejenga, kabla ya jembe la kwanza mwambie msanifu akuonyeshe bikoni mbili kwa kidole. Bikoni isipoonekana, irudishwe na mpima ardhi mwenye leseni. Kuing'oa au kuihamisha alama ya mpaka ni kosa kisheria, hata kama aliyekushauri ni fundi wako wa siku zote.